Siri ya Moyo na Taa ya Mkononi

Kiswahili hakikutenga moyo upigao na moyo uonao uchungu. Neno ni moja. Saa za kisasa zimeurithi utata huo. Taa ndogo ya kijani humulika ngozi, damu hufyonza sehemu ya nuru, na kila pigo hubadili kiasi kirudicho. Alrick Hertzman alieleza upimaji wa namna hii nchini Marekani mwaka 1937. Leo programu hupima nafasi baina ya mapigo. Zikipungua kutofautiana, hutoa hukumu kwamba mwenye saa ana msongo wa mawazo.

Lakini kahawa, homa, hata furaha ya kumwona mpenzi huyabadili mapigo yayo hayo. Nuru huona mwendo wa damu, haioni sababu. Mtu akikitazama kipimo chake mwenyewe, ni kioo. Akikitazama mwajiri, ni shahidi asiyeapishwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imekataza akili mnemba kubashiri hisia za watu kazini na shuleni kwa vipimo vya miili yao, isipokuwa kwa tiba au usalama. Katazo hilo lina hekima ya kale: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye huzuni ana haki ya kuwa wa kwanza kuitaja, au kuinyamazia.