Fungeni Mabanio, Mto Upite

Ndugu zangu wa Usangu, nanyi mnaoula wali wa Mbeya mkiwa Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, nisikilizeni. Mto Ruaha Mkuu unakufa kila kiangazi, na sisi tumeuzoea msiba huu hata hatuulilii tena. Zamani mto ule ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ukakatika, na tangu hapo kukatika kumekuwa desturi. Aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na akisikia kwamba mto huu haukuwa na kiangazi anadhani ni hadithi ya bibi.

Siri ya mto ni Ihefu. Vijana wengi walilijua jina hilo kwa timu ya mpira, na hata timu yenyewe imeshahamia Singida na kubadili jina! Lakini Ihefu halisi ni kinamasi cha matete na mafunjo. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huleta maji ya milimani, kinamasi kinayapokea, kinayatunza, kisha kinayatoa kidogo kidogo. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Ng'iriama, na kizingiti chake ni mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaishi. Yakishuka chini yake hata kwa kimo cha kiganja, mto umekwisha, hata kama nyuma ya mwamba huo kambale bado wanaogelea.

Nendeni Hifadhi ya Ruaha mwezi wa Oktoba mkawatazame viboko. Wamebanana katika dimbwi moja la tope lililogeuka kijani kwa kinyesi chao, mgongo juu ya mgongo, jua linawachoma. Wale nao wanadai maji, ila hawana wa kuwaandikia barua kwenda ofisi ya bonde la maji.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inapanga foleni: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, pili maji ya mazingira yenyewe, halafu ndipo sisi wengine na vibali vyetu. Mto, ndugu zangu, umetangulia mbele ya shamba lako! Nani kaufukuza kwenye foleni?

Msiniambie ni mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika hifadhi, na mto ukaendelea kukauka. Nasema wazi: ng'ombe alibebeshwa mzigo ambao sehemu yake kubwa ni ya mfereji wa mashamba ya mpunga.

Wala sisemi msilime. Limeni mpunga wakati wa masika, maji yapo. Dhambi iko Septemba. Mpunga umeshavunwa, jaruba limebaki mabua, na bado banio, lango la kuingizia maji mferejini, liko wazi. Ubao umeoza, pengo limezibwa kwa majani na kipande cha gunia, maji yanapita yanavyotaka, yanatapakaa njiani, yanalea vyura na mbu. Utasema mfereji huo ndio unaompa mama ndoo ya kupikia. Ni kweli, na haki ya mama ni ya kwanza. Lakini kwa ajili ya ndoo kumi tunageuza mto mzima! Halmashauri, chimbeni visima vijijini, na vyama vya watumia maji mpate nguvu ya kufunga bila kuogopa mkubwa mwenye shamba kubwa.

Nawe wa mjini usijifiche nyuma ya sahani. Maji yanayovuka Ng'iriama ndiyo yanayokwenda Mtera, kisha Kidatu, kuzungusha mitambo ya umeme. Umeme ukikatika unailaani TANESCO. Ni lini uliuliza habari za Ihefu?

Wewe mwenye ufunguo wa banio, usingoje afisa wa bonde aje na gari na faini. Ukishavuna, kabla hata hujapeleka magunia mashineni, shuka mferejini, ng'oa lile gunia, weka ubao mzima, funga. Kiangazi hiki.