Mizani Mbili za Cheti: Elimu ya Programu za Kompyuta na Kaya za Upare

Swali la iwapo mafunzo ya kuandika programu za kompyuta yanalipa huchukuliwa kuwa swali la hesabu, lakini katika wilaya ya Same, huko Upare, ambako ada ya kijana aghalabu hutoka katika tangawizi ya Mamba Miamba au mpunga wa Ndungu, swali hilo ni la kimaadili kabla ya kuwa la fedha, kwa sababu anayelipa si yule atakayeajiriwa, na gharama hulipwa leo ilhali faida, kama ipo, ni ya kesho.

Ada ya astashahada, yaani tuzo iliyo chini ya stashahada, ni sehemu tu ya gharama, kwani nyuma yake kuna chumba cha kupanga Moshi au Dar es Salaam, kompyuta mpakato, bando la intaneti, na kile ambacho wanauchumi hukiita gharama ya fursa, yaani thamani ya jambo lililoachwa ili jingine lifanyike, ambayo katika kaya ya mkulima ni mikono inayokosekana shambani msimu wa mavuno. Mfano wa Yesu katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, wa mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kupiga hesabu, ni mashuhuri katika makanisa ya Upare, yakiwemo ya Waadventista wa Sabato, ambao misheni yao ilianza Upare Kusini mwaka 1903. Na ingawa mfano huo unahusu gharama ya kumfuata Kristo, usingeeleweka kamwe kama kupiga hesabu hakungekuwa busara hata katika mambo ya kawaida. Anayedai kwamba kuhesabu fedha za elimu ni kuidharau elimu, basi, hapati utetezi humo.

Hata hivyo, fedha si kipimo pekee. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake After Virtue cha mwaka 1981, alitenganisha faida za nje za shughuli, kama vile mali na cheo, ambazo zinaweza kupatikana kwa njia nyingine pia, na faida za ndani, ambazo hazipatikani ila kwa kuishiriki shughuli yenyewe na kuzitii kanuni zake. Kwa mfano, mwanafunzi wa Python, lugha ya kuandika programu, anayejaribu kupanga zamu za maji ya ndiva, yaani bwawa la jadi la Wapare la kukusanyia maji ya kumwagilia, huanza na orodha ya majina pamoja na kitanzi, ambacho ni agizo linalorudiwa kwa kila jina. Akikosea nafasi mwanzoni mwa mstari mmoja tu, programu mara nyingi hugoma na kumtajia namba ya mstari huo. Lakini akishausahihisha hukutana na kosa zito zaidi ambalo mashine haimtajii, kwamba mwenye robo ekari amepewa saa sawa na mwenye ekari tatu, na kwamba shamba la mwisho wa mfereji limehesabiwa kana kwamba hakuna maji yanayopotea njiani. Kompyuta hutekeleza usawa wowote ulioamriwa, na usawa upi ndio haki ni jambo ambalo watumiaji wa ndiva wamelijadili tangu kabla ya umeme kufika milimani. Ufahamu wa namna hii hauna bei sokoni.

Lakini hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa ufahamu huo hauhitaji cheti. Masomo ya Python yasiyo na ada yamejaa katika intaneti, na kinachouzwa na chuo ni mwalimu, ratiba na hasa karatasi itakayomridhisha mwajiri. Kwa hiyo chuo kinachonadi kozi kwa ahadi ya ajira, kisha kikaulizwa ajira ziko wapi na kikajibu kwamba elimu haipimwi kwa fedha, kimebadilisha mizani katikati ya biashara, na sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, huanza kwa kuwalaani watu wa aina hiyo, yaani wanaopunja vipimo. Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, humpa mnunuzi aliyegundua kasoro iliyofichwa haki ya kurudisha bidhaa, nayo huitwa khiyari ya aibu. Ila miaka miwili ya ujana hairudishwi dukani, na kwa sababu hiyo wajibu wa kusema ukweli huja wote kabla ya malipo ya kwanza. Wahitimu wangapi wamepata kazi ya programu, kwa mshahara gani, na baada ya muda gani, ni habari anayostahili kupewa si kijana anayejaza fomu tu, bali pia mzazi aliyeko Mamba ambaye tangawizi yake bado haijauzwa.