Rangi Juu ya Kutu

Bawaba za madirisha ya chuma hapa Kisumu hushika kutu upesi kwa mvua na unyevu wa ziwa. Ikikauka tu, isafishe, itie mafuta. Lakini pini ikishalika, dirisha laning'inia, mafuta hayasaidii tena. Mwite fundi wa jua kali kutoka Kibuye aikate, achomelee mpya.

Sasa swali: mwenye nyumba akiipaka rangi bawaba iliyokwisha, ndipo apangishe, je, amedanganya? Hajatamka neno. Nilisoma biashara, na najua wengi wataita hiyo kupunguza gharama. Mimi naona gharama imehamishwa tu, italipwa na mtoto anayecheza chini ya dirisha. Uaminifu katika dogo (Luka 16:10) ni huu: tengeneza kwanza, rangi baadaye.