Hamu Ikikatika

Huku ughaibuni tunakobeba maboksi kuna kawaida moja. Mtu chuo kikimkatikia kwa kukosa ada, au vyeti vyake vya nyumbani vikikataliwa, hukaa akingoja kwanza hamu irudi ndipo aanze upya. Tena anataka irudi kwa kitu kile kile. Anayegeukia fani nyingine tunasema huyo kashindwa maisha.

Kashindwa kweli? Tumtazame Filbert Bayi. Mwaka 1974, kule Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500: dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kususia kulikuwa haki. (Ila haki nayo ina gharama, na mara nyingi bili humfikia mtu mmoja mmoja.)

Mwaka 1980, Moscow, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza, akapitwa mzunguko wa mwisho, akapata medali ya fedha. Fedha ile haikumlipa Montreal, wala hakungoja alipwe ndipo akimbie.

Basi yule ndugu yetu aliyekuwa mhasibu Dar es Salaam, na leo anasomea uuguzi Leicester, tusimuulize uhasibu ataurudia lini. Tumuulize mtihani ni lini, na siku hiyo watoto atawaacha kwa nani.