Kweli Mbele ya Fomu

Wapendwa, je, ni dhambi kupunguza kidogo mapato yetu tunapojaza fomu ya msaada? Swali hili linatugusa sisi tunaoishi Marekani. Sheria ya mwaka 2022 ilitenga dola bilioni 4.5 kuzisaidia familia kuweka nyumbani vifaa vya umeme visivyopoteza nishati, kama vile majiko na mashine za kupasha nyumba joto.

Kipimo ni mapato ya kati ya eneo: nusu ya familia huyazidi, nusu hazifiki. Familia iliyo chini ya asilimia 80 ya kipimo hicho yaweza kulipiwa gharama zote. Iliyo kati ya 80 na 150, nusu. Iliyozidi hapo haipati kitu. Msaada hauzidi dola 14,000 kwa kaya.

Basi mshahara wa kijana wetu tunayeishi naye, tuufiche? Twasema serikali ni tajiri. Lakini mfuko huo una mwisho, na tunachochukua isivyo haki tunamnyima mjane aliye nyuma yetu kwenye foleni. Anania na Safira hawakuhukumiwa kwa kuwa na mali, bali kwa kusema uongo juu yake.

Wako pia wanaostahili kulipiwa zote, nao huona haya kuandika udogo wa mshahara wao, wakabaki na baridi. Uhitaji si aibu. Kiburi nacho huficha kweli, kama tamaa ifichavyo. Tuandike mapato yalivyo, kisha tutie sahihi kwa dhamiri safi mbele za Mungu.