Mtoto Asiyeitikia Salamu



Jumapili moja wakati wa masika tulikuwa ibadani hapa Ibighi, na mvua ikayapiga mabati kwa nguvu, kama ilivyo desturi ya nchi yetu ya Rungwe. Wapiga tarumbeta wakazidi kupuliza ili wimbo usipotee. Mara mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka minane, akaziba masikio kwa mikono, akalia kwa sauti kuu, wala hakubembelezeka. Kokwa za parachichi alizokuwa amezipanga mstari mmoja chini ya benchi zikatawanyika. Sisi wazee wa kanisa tukamwendea mama yake, tukamwambia amtoe nje. Alimtoa, akasimama naye chini ya mgomba hata ibada ilipokwisha. Baadaye tukasikia watu wakiulizana njiani: Je, ni nani aliyekosa, baba au mama, hata akazaliwa mtoto wa namna hii?

Swali hili ni la kale. Wanafunzi walimwuliza Bwana habari za mtu aliyezaliwa kipofu, naye akawajibu kwamba haikuwa dhambi yake, wala ya wazazi wake. Neno hili twalisoma na kulifundisha, walakini tukiisha kutoka mlangoni twauliza tena lile lile. Basi, yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana si la nyumba moja tu.

Hali ya mtoto huyu huitwa usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii: wapenda upweke, wachukizwao na mabadiliko ya desturi, na wengine wao wasiosema. Tangu hapo waganga wamejifunza mengi. Usonji ni namna ya kukua kwa ubongo, nao huanza kabla mtoto hajazaliwa. Sehemu kubwa hutoka katika urithi wa damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika watoto 100 hivi, mmoja anao. Wengine husema vizuri na kusoma sana. Wengine hawasemi maisha yao yote. Si uchawi, wala si laana ya wazee. Tena si kosa la mama, ingawa katika miaka ya 1950 hata wataalamu wengine waliwasingizia akina mama kwamba upendo wao ni baridi. Wala si chanjo: andiko la mwaka 1998 lililoeneza habari hiyo lilifutwa mwaka 2010 na gazeti lile lile la waganga lililolichapa.

Kwetu sisi Wanyakyusa salamu ni mlango wa utu. Mtoto asiyemwitikia mkubwa wake huhesabiwa kuwa hana adabu, na wazazi wake huona haya. Hapo ndipo mzigo wa nyumba hii unapoanza. Mtoto haitikii, hatazami usoni, na watu wasema, “Apigwe, atajifunza.” Lakini kumpiga asiyeweza ni kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda. Adabu ni tunda la kuelewa, nayo fimbo haiwezi kumpa mtoto kuelewa.

Sasa twataka kusema neno gumu, maana si haki kuficha makosa ya baba zetu. Katika Mazungumzo ya Mezani ya Martin Luther, yaliyoandikwa na wageni wake, imo habari ya mwaka 1540 juu ya mtoto wa miaka 12 katika mji wa Dessau. Mtoto huyo, kwa jinsi ilivyoandikwa, hakufanya neno ila kula na kupiga kelele. Imeandikwa kwamba Luther alishauri atupwe mtoni, akidhani kwamba mtoto huyo ni mwili tu usio na roho. Nao wakuu wa nchi hawakukubali. Hatuwezi kumpima leo mtoto yule ili tujue alikuwa na hali gani. Lakini twaona wazi kwamba mtu mkubwa katika imani alikosa sana, kwa kuwa aliupima utu kwa kusema na kutenda.

Tena twaona kwamba jawabu la kosa lake limo katika mafundisho yake mwenyewe. Kwa nini sisi Walutheri twabatiza watoto wachanga? Mtoto mchanga hajui kusalimu, hawezi kuungama imani, hafanyi kazi yoyote. Twamleta mikono mitupu, na Mungu humpokea kwanza, kabla hajaweza neno lo lote. Basi, ikiwa hakutakiwa neno siku ya ubatizo wake, twapata wapi ruhusa ya kumtoa nje akiwa na miaka minane kwa sababu hana neno? Tukisema kwamba neema yangoja ulimi, tumeuvunja ubatizo wetu sote.

Wengine watauliza: Je, kumpokea hivi alivyo si kukosa imani? Hatukuamriwa kuwaombea walio dhaifu? Ndiyo, tumeamriwa. Tumwombee apate usingizi, apate utulivu, apate njia ya kutuambia mahali panapomwuma. Akiwa na kifafa pia, kama wengine walivyo, tumwombee, na siku ile ile apelekwe hospitali. Lakini kuna maombi mengine ambayo ndani yake hatumtaki mtoto huyu, twataka mwingine mahali pake. Mtoto akishikwa kwa nguvu na kukemewa kama pepo, mbele ya watu wengi wenye kelele, hapati ila hofu. Imani haipimwi kwa kukataa kile ambacho Mungu ametupa mikononi.

Wala hatusemi kwamba mzigo si mzito. Mama huyu huamka usiku mara nyingi. Akienda kuchuma chai, hana budi kupata mtu wa kumwangalia mtoto, maana watoto hawa hupotea upesi, na maji huwavuta. Luther alitaja mto ili mtoto atupwe humo. Sisi yatupasa kusimama kati ya mtoto na mto. Baba asikimbie na kumwacha mama peke yake. Ndugu zake wasiambiwe wamwonee haya. Na lile swali linalowanyima wazazi usingizi, yaani nani atamtunza watakapokufa, si lao peke yao. Siku ya ubatizo usharika wote ulisimama.

Ninyi wainjilisti, twawasihi. Mpeni nafasi karibu na mlango, aweze kutoka na kurudi bila kutazamwa. Mwonyesheni kwa picha yale msiyoweza kumweleza kwa maneno, na desturi zenu ziwe zile zile kila juma, maana hilo humtuliza. Akifika umri wa Kipaimara, msimwache kwa kuwa hawezi kutamka Katekisimu. Shaurianeni na mchungaji, mkifikiri kwamba mtoto anayenyosha mkono kupokea huenda amekwisha kujibu. Shule nayo ni haki yake: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema hivyo katika nchi yetu. Na Kanisa letu lilijua wajibu huu lilipofungua chuo kule Lushoto mwaka 2007, kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kufundisha walimu wa elimu maalumu.

Sisi tuliomtoa nje tulikwenda kwa mama yule kuomba radhi. Akatusikiliza, akatupa viti, asiseme mengi. Sasa huketi na mwanawe katika benchi la mwisho, na wapiga tarumbeta wamesogea mbali. Kokwa hupangwa, zikianguka huokotwa. Mtoto hata leo hajaitikia salamu yetu. Sisi twamsalimu kila Jumapili kwa jina lake, lile alilopewa penye maji ya ubatizo, wala hatungojei ajibu ndipo tumwite ndugu.