Mkono wa Shosho

Ukutani kuna jina langu peke yangu. Hapo ndipo pananikera.

Mwaka jana nilimchora shosho akichambua mboga kwenye ukuta wa zahanati moja Eastlands. Kabla ya rangi kuna penseli, na penseli yenyewe ina hesabu. Unapiga miraba kwenye karatasi, sentimita 2 kila upande, kisha unaipiga tena ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, nusu mita kila upande. Kilicho ndani ya mraba wa tatu kwa karatasi kinaingia mraba wa tatu kwa ukuta. Fundi wa vigae angeielewa kazi hiyo bila maelezo.

Sasa, mikono ilinishinda. Nilichora, nikafuta, nikachora tena mpaka karatasi ikatoboka. Kijana aliyekuwa akinishikia ngazi, niliyemlipa kwa siku, akatazama akasema, "Brathe, si kidole gumba kinafaa kuwa mbele ya jani?" Akachukua penseli. Dakika kumi hivi. Mkono huo ndio watu husimama kuupiga picha.

Nilijiambia yeye ni fundi, mimi ndiye msanii, wazo ni langu. Lakini wazo lenyewe lilikuwa "shosho na mboga". Nani hana hilo? Yeye alijua jani la sukuma hushikwa vipi, na mkono wake ulijua kulisema. Ukiondoa hilo, sanaa yangu inabaki wapi?

Vasari, aliyemfahamu Michelangelo, aliandika kwamba kabla ya kufa mwaka 1564 mzee huyo alichoma michoro yake mingi, watu wasione alivyotaabika. Zamani niliona ni haki yake. Siku hizi naona ni kumfungia fundi jikoni ili msanii apokee wageni sebuleni. Kiswahili chetu nacho hakina huruma: mtu akikuchezea tunasema amekufanyia usanii. Sijasikia anayelalamika kufanyiwa ufundi, ingawa aliyenishonea shati la Krismasi ana kesi ya kujibu.

Ile karatasi iliyotoboka sikuichoma. Iko chini ya kitanda, na ukiitazama vizuri unaona mistari ya watu wawili. Wake ni mzito, haujafutwa hata mara moja.

Wiki jana nilirudi zahanati na brashi ndogo na rangi nyeusi. Kwanza ilibidi nimpigie simu kumwuliza jina lake kamili. Muda huo wote nilijua la utani tu.